Mechi Tatu Nyansiongo kwa Kadi Moja

Nyaboke alifika Nyansiongo saa mbili na nusu asubuhi akiwa amechoka tayari, na hata mechi ya kwanza ilikuwa haijaanza. Alitoka Tabaka kukiwa giza, akabadilisha gari Kisii mjini, akabadilisha tena Keroka, na kipande cha mwisho akakimaliza kwa boda boda, kiboksi cha mbao amekikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Ndani ya kile kiboksi mlikuwa na timu nzima ya besiboli ya Tabaka. Wachezaji ishirini na wawili, wote karatasi.

Besiboli ya karatasi ndiyo nini? Una haki ya kuuliza, maana katika Kisii na Nyamira nzima wanaoujua mchezo huu hawajazi darasa. Zamani mwalimu mmoja wa kujitolea, Mmarekani, alikuja kufundisha hesabu katika shule moja ya upili huku. Akakuta hakuna uwanja, hakuna gongo, hakuna glavu, akawafundisha wanafunzi kuucheza mezani. Kila mchezaji ni kadi. Mpigaji akiingia unarusha dadu mbili, unajumlisha, unasoma kwenye kadi yake: namba hii amepiga na kufika kituo cha kwanza, namba ile ametolewa. Wakitolewa watatu, zamu inahamia upande wa pili. Kila upande una zamu tisa. Anayezunguka vituo vyote akarudi nyumbani ameleta alama moja. Basi, mengine yote ni mbwembwe. Mwalimu alirudi kwao, mchezo ukabaki, na leo kuna ligi ya timu nne: Tabaka, Kebirigo, Nyansiongo na Kisii Mjini. Huchezwa Jumapili, kwa sababu makocha watatu kati ya wanne ni Wasabato, na yule Mkatoliki mmoja huwahi misa ya kwanza. Mgeni ndiye anayesafiri. Mechi tatu kwa siku moja, upende usipende.

Mgeni akishinda mbili kati ya hizo tatu hupewa kadi tupu, aandike mchezaji mpya. Kadi hiyo ndiyo iliyomtoa Nyaboke kitandani.

Kuna sheria moja ya kadi mpya ambayo hakuna aliyewahi kuivunja. Jina la mchezaji lazima liwe la mtu aliyefariki. Watu wa huku humpa mtoto jina la aliyetangulia. Kulitumia jina la mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi huku anakutazama, na makocha waliona kama ni hivyo kwa mtoto, basi na kadi pia. Nyaboke alitaka kuandika Mathew. Mathew ni mumewe.

Miaka kumi na mmoja iliyopita Mathew alipakia mawe ya kuchonga, vibakuli na viboko na twiga, akaenda kuyauza Juba. Kabla hajauza hata nusu, vita vikazuka kule. Simu yake ikawa ya mteja hapatikani, na mteja hajawahi kupatikana mpaka leo. Hakuna aliyeuona mwili, hakuna aliyemwona yeye. Kwa hiyo Nyaboke amekaa miaka yote hiyo, mke si mke, mjane si mjane. Sokoni wanamuuliza, "Baba Linda anasemaje?" naye hujibu, "Yuko salama," kwa sababu angejibu nini kingine? Angeweza kwenda kortini, sheria inaruhusu. Lakini hakutaka hakimu asiyemjua Mathew amwambie kwamba Mathew hayupo. Alitaka lisemwe na watu wake, hata kama ni kwa kadi ya manila. Alikuwa amechoka kumngoja, na kuchoka huko kulimuuma kuliko kungoja kwenyewe.

Shida ni kwamba kadi mpya haikubaliki bila sahihi ya kocha aliyeshindwa. Na kocha wa Nyansiongo ni Ogeto, mdogo wake Mathew.

"Ukishinda nitatia sahihi," Ogeto alikuwa amemwambia kwenye simu wiki mbili kabla. "Mimi si mtu wa kugeuka. Lakini hutashinda, shemeji. Na nikuambie ukweli, Mama hawezi kulisikia jambo hilo. Litamuua."

Huyo Mama alikuwa amekwisha kaa sebuleni kwa Ogeto Nyaboke alipoingia, kwenye kiti cha pembeni, ungo wa maharage mapajani. Jina lake ni Kwamboka. Mimi na wewe tunaweza kumtaja. Nyaboke hawezi, ni mama mkwe wake. Alihamia kwa Ogeto miguu ilipomzidia, na tangu hapo huhudhuria mechi zote bila kujua hata kituo cha kwanza kiko wapi.

"Bwakire, Mama," Nyaboke alimsalimu.

"Bwakire. Umekonda."

"Ni safari tu, Mama."

"Safari haikondeshi mtu kwa siku moja," mama mkwe alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Mezani alikuwa ameketi Persis, mwalimu mstaafu, mwandishi wa alama na mwenye daftari la sheria. Persis haegemei upande wowote, na tabia hiyo imemkosesha marafiki wengi. Alifungua ukurasa mpya, akaandika Tabaka juu, Nyansiongo chini, akasema, "Tuanze. Mimi nina mgongo."

Mechi ya kwanza haina maneno mengi. Nyaboke alipigwa tisa kwa mbili. Ukirusha dadu mbili, saba ndiyo namba inayotoka kuliko zote, na kwenye karibu kila kadi saba maana yake ni kutolewa. Asubuhi hiyo Nyaboke alirusha saba mpaka Persis akaacha kuisoma, akawa anaweka tu alama ya mkwaju. Wapigaji wa Ogeto nao walizunguka vituo kama watu waliotumwa chumvi. Ogeto hakushangilia. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa ya kukamua, na alizikusanya alama zake kwa upole uleule, jambo lililomkera Nyaboke zaidi ya kelele.

Kisha ukaja ugali. Joyline, mke wa Ogeto, alileta mlima wake, na kuku, na mboga za chinsaga zilizolala kwenye maziwa. Hapa ndipo ugenini kunapoua. Mgeni hakatai ugali wa mwenyeji, na mtu aliyekula ugali wa Joyline hafikirii vizuri tena mpaka Jumanne. Makocha wote wa ligi wanajua kwamba Nyansiongo hushinda mechi nyingi kutokea jikoni. Nyaboke alimega, akameza, akaongezewa, akashukuru.

Mechi ya pili aliicheza na usingizi kwenye kope. Ajabu ni kwamba alicheza vizuri. Labda akili iliyochoka haina nafasi ya hofu. Kufikia zamu ya saba walikuwa tatu kwa tatu, na pale Ogeto, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alimtania.

"Mbona humwingizi Mzee, shemeji? Amekaa benchi miaka mingi, atapata baridi."

Persis aliinua macho juu ya miwani. "Ogeto. Huo si mchezo mzuri."

Nyaboke alizikusanya dadu. Ukweli ni kwamba mpigaji bora kuliko wote katika ligi yote alikuwa chini kabisa ya kiboksi chake, na hajawahi kumtumia hata siku moja. Timu ilikuwa ya Mathew kabla haijawa yake. Baba yake na Ogeto alipofariki, Mathew alimwandikia kadi kwa jina lake, na kwa mapenzi ya mtoto akampa namba za kutisha. Sita, saba, nane, zote ni kupiga mbali. Hiyo saba inayowaua wengine, yeye inamfikisha kituo cha pili. Lakini ligi ina sheria kwamba kocha lazima alitaje jina la mchezaji kwa sauti kabla dadu hazijarushwa. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya Bosire wa Kebirigo, ambaye enzi zile alikuwa akibadilisha kadi chini ya meza. Siku hizi ni mzee wa kanisa na hapendi kukumbushwa. Na mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe wake. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima tuliyozaliwa tukaikuta. Hata jirani akiwa na jina hilohilo, utamsikia mke akizunguka: yule wa karibu na mto, yule mwenye baiskeli. Mathew, alipokuwa akiiandika kadi, hakuwaza kwamba siku moja mkewe ndiye atakayeshika timu. Nani huwaza mambo kama hayo?

Kwa hiyo Mzee alibaki benchi, na mechi ikavuka zamu tisa bila mshindi. Zamu ya kumi, hakuna kitu. Ya kumi na moja, Anyona, mpigaji wa Nyaboke, alipiga hadi kituo cha tatu, na aliyemfuata akatolewa kwa mpira mrefu uliompa Anyona nafasi ya kukimbia nyumbani. Nne kwa tatu. Ogeto alipewa zamu yake ya kujibu, akarusha mara tatu, akatolewa mara tatu. Walikuwa wamecheza mechi hiyo moja kwa saa mbili na nusu. Nyaboke aliinama, akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa meza, akakaa hivyo.

"Mechi moja kwa moja," Persis alitangaza. "Dakika tano, tena dakika tano za saa, si za Joyline."

Mvua ilianza na mechi ya tatu. Ile ya Nyansiongo, baridi, isiyo na haraka, ya kulowesha mtu mpaka mifupa hata akiwa ndani ya nyumba. Walicheza huku bati linapigwa, wakipaza sauti kutaja majina. Tabaka mbili, Nyansiongo mbili. Nyansiongo tatu. Tabaka tatu, nne. Nyansiongo nne. Kila alama aliyoipata Nyaboke ilirudishwa kabla chai haijapoa. Mkono wake wa kurushia uliuma begani, jambo la kuchekesha kwa mtu anayerusha vijiwe viwili vidogo, lakini uliuma kwelikweli. Zamu ya sita ilipokwisha Ogeto alitazama saa ya ukutani, akasimama.

"Ng'ombe," alisema.

Hakuna wa kubishana na ng'ombe. Ogeto alivaa gambuti, akachukua ndoo na kutoka. Persis alijilaza kwenye kochi, akafunika uso kwa kitambaa cha kufuma, na mara mkoromo ukasikika. Nyaboke akabaki na mama mkwe wake na mvua.

Alisogea, akachukua konzi ya maharage kwenye ungo, akaanza kuchambua naye. Walichambua muda mrefu. Alijua kwamba huu ndio wakati wa kusema. Angesema tu: Mama, leo nikishinda nitaandika jina la mwanao. Alijaribu kuanza mara mbili, na mara mbili akaishia kuchota konzi nyingine ya maharage. Miaka ya kwanza mama huyu alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, kuuliza kama kuna habari. Baadaye simu zilipungua, kisha zikakoma. Nyaboke alikuwa ameuchukua ukimya huo kuwa tumaini lililojificha, tumaini la mzazi, ambalo mtu akiligusa atajikuta na maiti ya pili. Ogeto naye aliuchukua hivyo. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

"Umechoka," mama mkwe alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimechoka, Mama."

"Mimi pia," alisema bikizee, akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage.

Ogeto alirudi amelowa, ananuka maziwa na majani mabichi. Persis aliamka akidai hakulala. Zamu ya saba haikuleta kitu. Ya nane Ogeto alipata alama moja, mpira wa kijinga uliompita mdakaji, na ikawa Nyansiongo tano, Tabaka nne. Ikaingia zamu ya tisa, ya mwisho. Mgeni ndiye hupiga kwanza.

Wa kwanza wa Nyaboke alitolewa. Wa pili akafika kituo cha kwanza. Wa tatu akapiga hadi kituo cha pili, na yule wa mbele akasimama cha tatu. Nyaboke aliketi wima. Wa nne, dadu zikasimama saba, ametolewa. Sasa wawili wametolewa, wawili wako vituoni, amebaki na pigo moja. Na zamu ya kupiga ilikuwa ya Ombati. Ombati ni mtupaji, kazi yake ni kuwarushia mpira wapigaji wa upande wa pili, na kadi ya mtupaji haijui kupiga. Nambari zake karibu zote zinasema ametolewa, ametolewa, ametolewa.

Aliangalia benchi lake. Wote wazuri alikuwa amewatumia katika zamu kumi na moja za mechi ya pili na hizi nane za sasa, na sheria hairuhusu mtu aliyetoka kurudi siku hiyohiyo. Alibaki mmoja. Nyaboke alitia mkono chini ya kiboksi, akaitoa kadi ambayo pembe zake zilikuwa bado mpya, akailaza mezani.

Persis na Ogeto waliinama kuitazama. Hata mvua ilikuwa imepungua, kana kwamba nayo inataka kusikiliza, ingawa mvua haina adabu hiyo. Ilipungua tu kwa sababu saa yake ilifika.

"Namwingiza huyu," alisema Nyaboke.

"Nani?" aliuliza Persis.

"Huyu. Mzee."

"Nyaboke, mimi namjua, sote tunamjua. Lakini sheria inataka jina."

"Nisomee wewe, mwalimu."

"Sheria inasema kocha." Persis alilisema kwa huruma, lakini alilisema. Ndivyo alivyo.

Nyaboke alimtazama Ogeto. Ogeto alikuwa anatazama meza. Alichohitaji ni kukaa kimya tu. Akikaa kimya, shemeji yake atamrudisha Mzee kwenye kiboksi, Ombati atatolewa, mechi itakwisha, na Mathew atabaki safarini mwaka mwingine, na mwingine. Nyaboke aligeuka kumtazama mama mkwe. Mikono ya bikizee ilikuwa imetulia juu ya ungo. Nyumba ile ilikuwa ya mwana wa yule mzee, mbele ya mjane wa yule mzee. Ukitafuta mahali pabaya zaidi pa kulitamka jina lile duniani, hupati.

Lakini alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka na salama ya sokoni, na kitanda, na sanduku la nguo za mwanamume zinazopigwa jua kila Januari ili zisiliwe na nondo. Alijiambia kwamba aibu ni ya siku moja. Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

"Nyasani."

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya Ogeto.

"Anaingia Nyasani," alirudia, kwa nguvu, kama mtu anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Mpigaji wa Tabaka. Nyasani."

Persis alishusha kalamu. "Sheria inasema kocha, Ogeto."

"Mimi si kocha?"

"Wa upande wa pili."

"Daftari linasema upande gani?"

Persis alifungua daftari, akasoma sheria ile kimoyomoyo, kisha akaisoma tena huku midomo inatembea. "Halisemi," alikubali, na ukweli huo haukumpendeza hata kidogo.

Ogeto alimgeukia Nyaboke. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa mekundu kwa moshi. "Usilitaje, shemeji. Si hapa, si mbele ya Mama. Rusha tu."

Nyaboke alizichukua dadu. Akarusha. Dadu moja ilisimama upesi, nne. Nyingine ilizunguka, ikagonga kikombe, ikalala. Mbili. Sita.

Kwenye kadi ya Mzee sita ni kupiga mbali. Wote wawili waliokuwa vituoni wakarudi nyumbani. Mpigaji aliyefuata akatolewa, lakini hesabu ilikuwa imegeuka: Tabaka sita, Nyansiongo tano.

Usidhani imekwisha; besiboli haina huruma hiyo. Ogeto alikuwa na zamu yake ya kujibu, na Nyaboke alikuwa amemtoa mtupaji wake, ikabidi amwingize Sylvanus wa akiba, ambaye hajawahi kumaliza zamu bila balaa. Mpigaji wa kwanza wa Ogeto alifika kituo cha kwanza. Wa pili alitolewa, lakini mwenzake akasogea cha pili. Wa tatu akatolewa pia, mwenzake akafika cha tatu, hatua moja tu kutoka nyumbani. Ogeto alizishika dadu muda mrefu kabla ya kurusha mara ya mwisho. Nyaboke hakuweza kutazama. Alitazama mikono ya mama mkwe wake, ambayo ilikuwa imeanza tena kuchambua.

"Saba," alisema Persis. "Ametolewa. Mshindi Tabaka, mbili kwa moja."

Nyaboke alikuwa amedhani atafurahi. Haikuja furaha. Kilichokuja ni uzito wa siku nzima, kuanzia lile giza la Tabaka, na uzito wa miaka yote nyuma yake. Angeweza kulala palepale sakafuni. Ogeto alinyoosha mkono, akamwamkua mshindi kama desturi inavyotaka, akarudi kukaa.

Persis, ambaye hajui kungoja wakati unaofaa, alitoa kadi tupu kwenye bahasha, akaiweka mbele yake, akafunua kalamu. Yeye ndiye huandika, ili mwandiko uwe mmoja kwa ligi yote.

"Jina?"

Nyaboke alimtazama Ogeto. Ogeto alifumba macho, akatikisa kichwa kidogo, si kukataa, ila kama mtu anayesikia maumivu ya jino.

"Mathew," alisema Nyaboke.

Kalamu ilikwaruza. Ungo kule pembeni haukusikika tena. Ogeto alisema harakaharaka, "Mama, huu ni mchezo tu, ni karatasi tu, usije uka—" na sentensi ikamfia mdomoni.

"Nafasi yake?" Persis aliendelea, sauti sasa ya chini.

"Uwanja wa mbali," Nyaboke alisema. "Hakupenda kubanwa na watu."

"Mkono?"

"Kushoto."

"Mbio? Moja hadi tano."

"Nne," Nyaboke alisema.

"Tano," alisema Ogeto. Lilimtoka tu, hata yeye alishtuka.

"Nne, shemeji. Mimi nimeishi naye."

"Na mimi nimekimbizwa naye. Kila tulipotumwa maji alinitangulia mtoni na kurudi. Kila siku! Mwalimu, andika tano."

"Ulikuwa mdogo wewe. Ungeshindwa hata na kuku."

"Tano."

"Nne, Ogeto. Usimwongezee, atatuchekesha." Nyaboke alijisikia anacheka, na Ogeto naye akicheka huku anajifuta pua kwa kiganja. Hawakuwa wamemzungumzia hivi tangu aondoke. Walikuwa wamemtunza kama chombo cha kuazima, hakuna wa kukigusa. Persis alikuwa ameinua kalamu, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja wakubaliane.

"Mbili," ilisema sauti ya pembeni.

Wote waligeuka. Mama Kwamboka alikuwa ameweka ungo chini, miguu yake mibovu ameinyoosha mbele, mikono mitupu mapajani.

"Mama," Ogeto alisema polepole, "tunamzungumzia Mathew."

"Najua mnamzungumzia nani, nimemzaa mimi. Mwandikieni mbili." Alivuta shuka mabegani, maana baridi ilikuwa imeingia. "Angekuwa na mbio, angekuwa amekwisha fika."

Ogeto aliivuta kadi, akatia sahihi chini kabla haijajazwa, na mkono wake mkubwa ukabaki pale juu ya meza, hajui aupeleke wapi. Nyaboke alilia, palepale, mbele ya mama mkwe wake, bila kujifunika uso. Persis akaandika mbili.